Mui Kitwa Tini

Bibi yangu ana miaka themanini na kitu, na nyumbani kwake hapa Lamu pana picha moja tu ya uso wake: ile ya kitambulisho, ambayo yeye huiita "ile ya serikali". Ukutani mna saa, aya za Kurani kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, na kalenda ya duka la simiti. Kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, mna sahani alizorithi kwa mamake. Picha ya mtu hakuna. Mimi mjukuu wake, niliyelelewa mumo humo, nikaenda Nairobi kusomea sanaa, na katika sanaa nikachagua kupiga picha na video.

Nilipomwambia hakukasirika. Aliuliza tu kama kuna kazi huko mbele. Nikamwambia inshallah. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mimi usinipije."

Kazi ya kwanza ya video chuoni ilikuwa dakika 3 kuhusu kwenu. Nikaja likizo, nikapiga kila anachopiga kila mtu: punda, milango ya nakshi, jahazi limetweka tanga, watoto wakijirusha baharini kutoka gatini. Nikatia muziki wa udi niliouokota intaneti. Darasani walipiga makofi, na alama zilikuwa nzuri. Likizo iliyofuata nikamfungulia bibi laptopu. Alitazama mpaka mwisho, leso mdomoni, kisha akaniuliza, "Mbona mui umenyamaa hivi? Wamekufa?" Mui, kwa lahaja yetu, ni mji.

Sikuwa na jibu, kwa sababu sauti nilizizima mwenyewe. Kila kipande nilikiondoa sauti yake ili muziki usisumbuliwe. Kesho yake baada ya alasiri nilitoka na simu bila kufungua kamera hata mara moja. Nilikaa kwenye baraza moja Usita wa Mui, yaani njia ya mji, nikarekodi sauti tupu. Rekodi ya kwanza haikusikika kitu ila vuu-vuu-vuu, maana kusi ilikuwa inavuma na hapa hata kichochoroni huingia. Nikaivisha simu soksi ya mtoto wa jirani. Hapo mji ukatokea: kwato juu ya sakafu, hamali akipaza "Simile! Simile!", vikombe vya muuza kahawa vikigongana mkononi mwake, fundi wa nakshi ndani ya duka akigonga patasi, agonge mara nne, apulize vumbi, agonge tena. Na magharibi ilipoingia, adhana za misikiti zikafuatana, kila moja ikiwa nyuma kidogo ya mwenziwe. Tangu siku ile naanza na sauti. Picha huja baadaye, na mara nyingine haiji kabisa, na sijuti.

Jambo la nyuso ndilo lililonisumbua zaidi. Nairobi tulifundishwa kusogea: picha yako haijawa nzuri kwa sababu hujamkaribia mtu. Nikaja na ushauri huo Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, ambako wazee hukaa kivulini kucheza bao. Nikasogea. Mzee mmoja alikuwa ameinua mkono wenye kete, macho yameganda juu ya ubao kama mtu anayesoma barua ya kesi. Nikapiga. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na nilijua hivyo kabla hata sijaitazama.

Aliniita. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole kabisa, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia. Akasema, "Basi umefunzwa kuomba. Mbona hukuomba?" Nikamwonyesha picha kwa matumaini kwamba ataipenda. Aliitazama kwa muda, akakubali kuwa ni yeye, akasema niifute. Nikaifuta mbele yake, na wenzake walisubiri mpaka nilipomaliza ndipo wakaendelea na mchezo. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao sikuuonyesha. Mpaka leo naiona ile picha, na nikikaa kimya naweza kuhesabu kete zilizokuwa kiganjani.

Nilijiuliza wapiga picha wa zamani hapa walifanyaje. Cha ajabu ni kwamba Omar Said Bakor, marehemu, mtu wa mji wetu huu, nilimsikia mara ya kwanza darasani Nairobi. Alikuwa na studio hapa Lamu, na akatengeneza kolaji, picha zilizokatwa na kuunganishwa kwa mkasi na gundi, enzi ambazo kompyuta hatukuijua. Mhadhiri alituonyesha kazi zake, wenzangu wote wakageuka kunitazama mimi wa Lamu, nami nikatikisa kichwa kama ninayezijua. Baadaye, nikifikiri juu ya yule mzee wa Mkunguni, nikaona tofauti iliyo rahisi mno: studioni mtu alikwenda kwa miguu yake. Alivaa, akajitia manukato, akakaa, akasema haya piga. Mimi nilikuwa nikiwavizia watu kama paka wa sokoni.

Pesa ya kununulia lenzi niliipata kwa harusi. Shughuli za wanawake haziingii mpiga picha mwanamume, kwa hiyo msichana mwenye kamera na mdomo mzito ana soko. Mlangoni simu hukusanywa kikapuni. Ndani, mabuibui yanavuliwa, na wale wanawake uliowaona njiani weusi tupu wanatoka na magauni, hina, nywele zilizotengenezwa siku mbili, dhahabu iliyoazimwa na isiyoazimwa. Humo nilijifunza kazi kuliko chuoni. Mwanga ni mbaya, watu wanacheza, huwezi kumwambia mtu arudie. Nilijua, kwa mfano, kwamba kigelegele hakianzi na sauti. Kinaanza na mkono. Mwanamke huinua kiganja au ncha ya leso kuelekea mdomoni, na ukiuona mkono ule unapanda una nusu sekunde ya kugeuza kamera. Ukingoja sauti umechelewa.

Kisha siku moja kipande cha harusi niliyoipiga kikatoka nje. Sekunde 11. Shangazi wa bibi harusi akicheza, kichwa wazi. Kufika adhuhuri wanaume walikuwa nacho kwenye simu zao. Hakuna aliyenitukana, lakini nilipopita njiani wanawake walipunguza sauti. Nilikiomba nikakitazama mara ishirini, na mara ya ishirini nikajiona: pembeni mwa picha, mgongo wangu, kamera begani. Aliyepiga alikuwa nyuma yangu, chini, ameficha simu pengine mkobani. Nikakipeleka kwa mama wa bibi harusi, nikamwekea kidole pale. Alielewa. Hata hivyo harusi mbili zilizokuwa zimeniweka zikaniondoa, na sikuwalaumu.

Kuanzia hapo nikajitungia utaratibu. Nahariri nyumbani kwa wenyewe, kwa laptopu yangu, mbele yao. Memori kadi wanainunua wao na inabaki kwao, na kabla sijavaa viatu nawafungulia laptopu waone kwamba hakuna kilichosalia.

"Hata wewe huna?" mama mmoja aliniuliza.

"Hata mimi sina, mama."

Matokeo yake ni kwamba kazi nzuri kabisa niliyowahi kuifanya kwa mikono yangu, saa nyingi za video, siimiliki hata dakika. Chuoni walitaka mkusanyo wa kazi zangu. Nikapeleka soksi na sauti ya kwato.

Chumba cha juu kwa bibi kinaelekea bahari, upande wa kisiwa cha Manda, na jua la asubuhi linakipiga moja kwa moja. Dirisha lake ni la mbao, zito, na katika ubao mmoja pana tundu, fundo la mti lililodondoka zamani. Asubuhi moja nina homa, nimelala dirisha limefungwa, nikaona ukutani rangi zinatembea. Buluu juu ya kitanda, na chini yake kitu cheupe kinapita polepole kuelekea mlangoni. Ilinichukua muda kufahamu kuwa ni tanga. Jahazi lilikuwa linapita kichwa chini, mlingoti ukielekea sakafuni, bahari ikiwa dari.

Nadharia nilikuwa naijua. Mwanga huenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo unaotoka juu, ukipita katika tundu dogo, huangukia chini, na wa kulia huangukia kushoto. Neno kamera lenyewe, kwa Kilatini, maana yake ni chumba. Lakini kujua na kulala ndani ya kamera ni mambo mawili. Nikamwita bibi. Alipanda ngazi akinung'unika, akasimama mlangoni, akacheka kama msichana. "Mui kitwa tini!" Mji kichwa chini.

Ami yangu anayefundisha madrasa aliposikia hakushangaa hata kidogo. Aliniambia habari za Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Kairo, ambaye miaka elfu moja iliyopita alifanya majaribio ya mwanga katika chumba cha giza, akaeleza kwamba jicho halitoi mwanga bali linaupokea. Ami alisema haya kwa furaha ya mtu aliyeshinda mabishano ambayo sikuwa nimeyaanza. "Kwa hiyo kazi yako si ya kizungu," akamalizia, akaniomba chai.

Nilifanya majaribio wiki mbili. Nilibandika katoni juu ya tundu, nikatoboa kwa sindano, kwa msumari, kwa kalamu. Tundu dogo hutoa picha kali lakini hafifu, hata huioni mpaka macho yazoee giza. Kubwa huleta mwanga mwingi na picha inayeyuka. Ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho ndio uliofaa kwa kina cha kile chumba. Bibi akaanza kupanda kila asubuhi baada ya chai. Alileta mkeka na ukili wake, akawa anasuka gizani kwa vidole tu, macho yake yakifuata mashua ukutani. Akawa ananitajia: hiyo ya Matondoni, hiyo imebeba mawe, huyo amekwama maji yamepwa.

Siku moja akasema kitu ambacho nimekiandika kwenye jalada la daftari langu la mazoezi. "Hii naipenda, haishiki mtu. Inapita."

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa kabla ya kuthubutu. Nikamwomba akae mbele ya ukuta, anipe mgongo, ajifunike leso nyeupe, ili jahazi limpite mabegani. Aliuliza kuhusu uso mara tatu. Mara tatu nikamwambia hapana. Kamera niliiweka juu ya kasha, nikafungua kwa sekunde 30, kwa sababu mwanga ulikuwa mdogo. Alitulia kama jiwe. Katika picha ile leso ni kali katikati na imefifia kidogo pembezoni, palipopanda na kushuka pumzi, na juu ya bega la kushoto pana mji mzima umepinduka. Jahazi halimo, lilipita kwa kasi kuliko sekunde 30. Nikampa akaishika mbali na macho, akasema, "Hata huyu simjui," na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Baada ya hapo nilitaka vitu visivyo na uso wa kuombwa ruhusa, nikaingia baharini. Mwani, kwanza. Kuna njia ya kuchapa picha kwa jua inayoitwa sayanotaipu, aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842. Unachanganya chumvi mbili za madini ya chuma, unapaka karatasi gizani, unaweka kitu juu yake, unaianika, kisha unaiosha kwa maji. Palipopigwa na jua huwa buluu, palipofunikwa hubaki peupe. Mwaka uliofuata Mwingereza Anna Atkins alianza kuchapa mwani kwa njia hiyo, kitabu kizima. Hapa kwetu jua si tatizo. Dakika chache za saa sita zinatosha, na ukizubaa unaunguza. Picha zangu za kwanza za mwani wa pwani ya Shela zilitoka buluu ya kupendeza, nikazianika kwenye kamba ya nguo kiwandani, yaani uani, na kabla ya wiki kwisha zikawa za kijivu na manjano, kama mashuka yaliyolaliwa na mgonjwa.

Nikalaumu karatasi. Nikalaumu dawa. Nikamlaumu hata paka. Kumbe ni maji. Niliosha kwa maji ya kisima cha nyumbani, na kisima chetu kimechimbwa katika mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa tele, na chokaa hula ile buluu. Dawa yake ilikuwa sokoni, ndimu 2 katika beseni la kuoshea. Bibi aliniona nakamua akauliza kama napika samaki.

Halafu kujaa na kupwa. Nilipanga kupiga picha moja kila sekunde 10, kutoka maji yanapopwa kabisa mpaka yanapojaa, kama saa 6 na dakika 12. Hizo ni picha 2,232, na ukiziendesha 24 kwa sekunde unapata dakika moja na nusu ya bahari ikipanda ngazi. Hesabu zilikuwa safi. Nikafunga stendi kwenye nguzo, nikakaa na mwavuli. Betri ilikufa saa ya 4. Punda akaja kujikuna kwenye nguzo, ndiyo sababu katikati ya video ile mji unatetemeka. Lakini aibu yenyewe ilikuwa nyingine: maji hayakupanda chochote cha maana. Ngazi tatu, basi. Nahodha mmoja aliyekuwa akishona tanga karibu yangu alinivumilia mpaka magharibi ndipo akaniuliza ninasubiri nini. Nikamweleza. Akaweka sindano chini.

"Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Sikujua. Nilijua tarehe ya Kizungu.

"Leo maji mafu. Ndoo na bamvua." Yaani nije wakati wa bamvua.

Mtoto wa Lamu, baba wa bibi yangu mvuvi, nimekuja na tripodi na hesabu za fremu, na sikutazama mwezi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapo ndipo bahari hupwa mbali na kujaa mpaka juu. Na kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo ukitaka yajae wakati wa mwanga mzuri unachagua siku, huchagui saa. Nahodha alinihesabia kwa vidole nije lini. Nilikuja, na betri 3, na nguzo nyingine isiyo na punda. Maji yalimeza ngazi zote.

Mwaka wa mwisho nilishona hema. Vitambaa vyeusi vya mabuibui makuukuu manne, fito, kamba. Mbele nikatia lenzi moja ya miwani ya kusomea niliyoitoa kwenye fremu yake. Miwani ya nambari 1 huleta picha wazi umbali wa mita 1, ya nambari 2 nusu mita, na kwa lenzi picha inang'aa kuliko ya tundu. Ndani nikatundika kipande cha bafta, kitambaa cheupe, mita 1 kutoka kwenye lenzi. Bibi alipoliona limesimama kiwandani akasema, "Hiyo shiraa."

Shiraa nilikuwa nimeisikia. Zamani mwanamke wa kiungwana wa Lamu akitoka alitembea ndani ya kitambaa kilichoinuliwa kwa miti, yeye haonekani. Bibi hakuiona kwa macho yake, aliisikia kwa wakubwa. Alisimulia kwa fahari kidogo. Nilipomuuliza nani alikuwa akiishika ile miti, alikunja ukili wake, akasema watumwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Niliondoa neno shiraa kwenye maelezo ya mradi wangu. Baadaye nikalirudisha, na nikaandika pia nani aliyeshika miti.

Nililipeleka hema Mkunguni siku ya Alhamisi. Safari hii niliomba, nikaeleza kuwa hakuna kamera ndani, hakuna kinachobaki. Watoto waliingia kwanza, wawili wawili, wakatoka wakipiga kelele. Kisha wanawake wawili waliotoka sokoni na vikapu vyao. Mwishoni yule mzee wa bao aliacha ubao kwa mwenzake, akavua viatu kama anayeingia nyumbani kwa mtu, akainama akaingia.

Nilikaa nje. Nilijua anachoona: ngome imepinduka, mti unaning'inia, wazee wenzake wameketi juu chini, wadogo kama vidole, wanasogeza mikono kimya. Alikaa sana. Nikafikiri labda amesinzia, maana ndani kuna joto na giza.

"Yuwaiba!" sauti ikatoka kitambaani. "Yuwaiba kete! Namuona, yuwaiba!"

Wazee wote wakageuka kulitazama hema. Mmoja akafumba kiganja.